Klay Thompson Kabla ya Kuwa Mchezaji Huru: Je, Makali Yalikuwa Yamekwisha?

Klay Thompson, aliyekuwa mlinzi wa Golden State Warriors na mmoja wa watupaji hodari wa pointi tatu katika historia ya NBA, alimaliza mkataba wake katika kiangazi cha 2024 akiwa na umri wa miaka 34. Msimu uliotangulia ulikuwa umezua mabishano makali kuhusu kiwango chake.

Kwa nini msimu wa mwisho wa mkataba huchunguzwa kuliko mingine?

Mkataba ukiisha, mchezaji anakuwa huru kujadiliana na timu yoyote, na kila timu hutazama mechi zake za karibuni ili kupanga bei. Thompson alisaini mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya takriban dola milioni 190 mwaka 2019, na mwaka wake wa mwisho ulimpatia dola milioni 43 hivi. Hakuna aliyetarajia kwamba angelipwa tena kiasi hicho.

Takwimu zilisema nini?

Zilishuka, ila hazikuporomoka. Msimu wa 2022-23 alipata wastani wa pointi 21.9 na kufunga mitupo 301 ya pointi tatu, mingi kuliko mchezaji mwingine yeyote wa ligi msimu huo. Msimu wa 2023-24 wastani ulishuka hadi pointi 17.9, na usahihi wake wa mbali ukatoka asilimia 41 hadi 38.7. Kwa walinzi wengi, asilimia 38.7 ni msimu wa kujivunia. Dakika zake pia zilipunguzwa, kwa hiyo sehemu ya pengo hilo la pointi ilitokana na kucheza muda mfupi zaidi. Februari 2024 alianzia benchi kwa mara ya kwanza tangu msimu wake wa kwanza, na usiku huohuo akawafunga Utah Jazz pointi 35.

Kilichopungua ni mkono au miguu?

Ni miguu, na hapa ndipo penye kiini cha suala lote. Juni 2019, katika mchezo wa sita wa fainali dhidi ya Toronto Raptors, Thompson alitua vibaya akakata kano ya goti la kushoto. Alikuwa ameshaanza kutolewa uwanjani, lakini akarudi akichechemea, akatupa mitupo yake miwili huru na kufunga yote. Novemba 2020, akikaribia kupona, alikatika kano ya kisigino cha mguu wa kulia. Alikaa nje siku 941 hadi Januari 2022.

Kabla ya majeraha hayo, Thompson ndiye aliyepewa kazi ya kumkaba mlinzi hatari zaidi wa timu pinzani. Mwaka 2019 alichaguliwa katika kikosi cha pili cha wakabaji bora wa ligi. Kazi hiyo hudai hatua fupifupi za kando, kusimama ghafla na kubadili mwelekeo, na hayo yote hupita kwenye goti na kisigino. Baada ya kurudi, Warriors walianza kumpanga dhidi ya wachezaji wakubwa zaidi wasio na kasi. Huko ndiko alikoshuka kweli, na takwimu za pointi hazionyeshi hasara hiyo.

Utupaji ni jambo jingine. Desemba 2016 aliwafunga Indiana Pacers pointi 60 katika dakika 29, huku akidunda mpira mara 11 tu mchezo mzima. Alipokea pasi, akatupa. Mchezo wa namna hiyo huzeeka polepole, kwa kuwa hautegemei kumzidi mpinzani kasi. Kwa mfano, mtupaji Ray Allen alikuwa na miaka 37 alipofunga mtupo wa kusawazisha uliowaokoa Miami Heat katika fainali za 2013.

Je, kipigo cha Sacramento kilikuwa ushahidi wa mwisho?

Hapana. Aprili 2024 Warriors walitolewa na timu ya Sacramento kwa pointi 118-94, na Thompson alitupa mara 10 bila kufunga hata moja. Ni picha chungu ya kuagia timu aliyoipa mataji manne, lakini usiku mmoja haupimi msimu. Anayetaka kupima ukongwe atazame mwenendo wa miaka miwili au mitatu, na kwanza kabisa atazame ukabaji.

Kwa nini timu huogopa kumlipa nyota kwa sifa za zamani?

Mfano wa Kobe Bryant unatosha. Novemba 2013, kabla hajarudi uwanjani baada ya kukatika kano ya kisigino, Los Angeles Lakers walimwongezea miaka miwili kwa dola milioni 48.5. Katika msimu wake wa mwisho, 2015-16, alifunga chini ya asilimia 36 ya mitupo yake ya uwanjani, na timu ikashinda michezo 17 tu. Warriors, waliokuwa wakilipa kodi nzito ya kuvuka ukomo wa mishahara, hawakutaka njia hiyo.

Nani alipima sawasawa?

Dallas Mavericks, waliokuwa wametoka kushindwa na Boston Celtics katika fainali za 2024, walimpa miaka mitatu kwa dola milioni 50. Hiyo ni bei ya mtupaji wa kusaidia nyota wengine, na ndicho alichokuwa. Msimu wa 2024-25 alipata wastani wa pointi 14 kwa usahihi wa asilimia 39 kutoka mbali. Thompson alikuwa ameshuka kweli, ila mkono wake ulikuwa bado unastahili mshahara, na Dallas walilipia mkono huo peke yake.