Dondoo muhimu: Jioni moja, jua moja, majirani wote

Pwani ya bara inatazama mashariki, kwa hiyo Dar es Salaam na Mombasa jua halizami baharini. Ili kutazama machweo, tafuteni paa la nyumba au uwanja ulio wazi upande wa magharibi. Unguja Mjini kuna bustani ya Forodhani. Kigoma wana Ziwa Tanganyika, na milima ya Kongo ng'ambo.

Wahi. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima: likishagusa upeo, dakika mbili na ushei limetoweka. Lakini usikimbilie kuondoka. Wekundu na zambarau vizuri kuliko vyote mara nyingi huja baada ya jua kutua, hasa kukiwa na mawingu ya juu.

Linda macho. Usilikodolee jua likiwa bado kali.

Usiende peke yako. Mchukue bibi anayeshinda ndani, watoto, na yule jirani mnayeishia kusalimiana naye mlangoni. Adhana ya Magharibi huja jua likitua, basi chagueni mahali karibu na msikiti, wanaokwenda kuswali warudi mwendelee na mazungumzo. Mazungumzo hayo ndiyo dawa yenyewe ya upweke.

Leo jioni, kabla ya saa kumi na mbili, mpigie jirani hodi.