Mikaratusi ya Nchi za Baridi

Kasongo na Kabambare ni nchi ya joto. Theluji haianguki, wala maji hayagandi kisimani. Lakini katika milima mirefu, na katika nchi zilizo mbali na ikweta, baridi huua miti mingi. Mwenye bustani huko huuliza kwanza: Je, mti huu utavumilia baridi?

Mkaratusi, ambao wengine huuita kalitusi, kwao ni Australia. Jamii zake ni zaidi ya 700. Zote ni ndugu, lakini kila moja ina tabia yake. Nyingine hupenda joto, nyingine huvumilia baridi.

Katika milima ya Australia unaota mkaratusi wa theluji, uitwao Eucalyptus pauciflora. Theluji hulemea matawi yake, lakini mti haufi. Katika kisiwa cha Tasmania kuna mwingine, Eucalyptus gunnii. Majani yake machanga ni ya mviringo, yang'aa kama fedha. Watu wa Uingereza huupanda bustanini, kwa maana huvumilia baridi ya digrii 10 chini ya sufuri.

Baridi huuaje mti? Maji yaliyomo ndani yake yakiganda, majani na shina huharibika. Baridi ikija polepole, mti hujiandaa. Ikija ghafula, hata mti wenye nguvu huumia. Lakini mikaratusi mingi ina kivimbe chini ya shina, chenye machipukizi yaliyolala. Shina likifa, machipukizi huamka, na mti huota tena. Basi mwenye bustani mwenye akili hang'oi upesi mti ulioungua kwa baridi.

Tena huangalia mbegu. Mbegu iliyookotwa juu mlimani huzaa miti migumu kuliko mbegu ya bondeni, hata kama jamii ni moja.

Mji wa Addis Ababa, katika Ethiopia, uko juu sana, karibu metre 2,400. Mfalme Menelik II alianza kuujenga mwaka 1886. Watu walikata miti ya kandokando hata kuni zikawa haba. Mfalme akakusudia kuhamia Addis Alem. Lakini karibu na mwaka 1895 mikaratusi ilikuwa imeletwa nchini. Iliyoenea zaidi ni Eucalyptus globulus. Huo hauwezi baridi kali kama ndugu zake wa theluji, lakini ubaridi wa Addis Ababa waufaa sana. Ulikua upesi, ulipokatwa, ulichipuka tena. Kuni na miti ya kujengea ikapatikana, na mji ukabaki mahali pake.

Mti huohuo ukipandwa katika joto la bondeni, hausitawi vizuri. Huko hufaa zaidi Eucalyptus camaldulensis, unaozoea joto na ukavu.

Mkaratusi una hasara pia. Hunywa maji mengi. Haufai karibu na chemchemi, wala kando ya shamba la mpunga au mihogo.

Apandaye mti ajue kwanza kwao ni wapi, tena mahali anapoupeleka pakoje.

Maswali

1. Kwa nini mkaratusi wa theluji haufi kwa baridi, na miti mingine hufa?
2. Kivimbe kilicho chini ya shina kina kazi gani?
3. Mikaratusi ilisaidiaje mji wa Addis Ababa?
4. Taja mahali pawili kwenu pasipofaa kupanda mkaratusi. Eleza sababu.