Picha za familia: andika majina kabla hayajapotea

Kila picha ya simu hubeba taarifa usizoziona usoni mwake: tarehe na saa ilipopigwa, aina ya simu na, kama GPS imewashwa, mahali penyewe. Hizo ndizo metadata, yaani taarifa zinazoeleza taarifa nyingine. Nyingi hukaa ndani ya faili kwa mpangilio uitwao EXIF, uliobuniwa Japani miaka ya 1990.

Umuhimu wake niliuona nilipoanza kuskani albamu za nyumbani. Picha ya harusi ya babu na bibi ilisomeka kwenye kompyuta kuwa ni ya mwaka huu, maana tarehe iliyoandikwa ni ya kuskani. Ukweli ulikuwa nyuma ya karatasi, kwa kalamu ya wino: Tanga, Agosti 1961.

Kwa hiyo naskani pande zote mbili. Jina la faili naanza na mwaka, kisha mwezi: 1961-08_Tanga_harusi. Hapo faili hujipanga zenyewe. Halafu nafungua sifa za picha kwenye kompyuta, naandika kichwa, maneno ya kutafutia na tarehe halisi. Picha zikiwa nyingi, ExifTool, programu ya bure, huzirekebisha kwa mkupuo mmoja.

Kazi kubwa ni majina. Yaandike kamili, kuanzia kushoto kwenda kulia. "Mama Asha" haitoshi. Wajukuu watauliza, Mama Asha yupi? Mwaka usipojulikana, andika "takriban 1968" na umtaje aliyekadiria. Wakutubi wana mfumo wa Dublin Core wenye vipengele 15 vya msingi, lakini kwa familia naona vitano vinatosha: nani, wapi, lini, tukio gani, na nani anayo picha halisi.

Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, sehemu kubwa ya taarifa hizi hupotea. Itume kama hati. Ila taarifa za mahali ziogope: Desemba 2012, John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, akiwa mafichoni, picha yake iliyochapishwa na jarida la Vice ilibeba GPS iliyoonyesha kuwa yuko Guatemala. Picha ya mtoto nyumbani, futa mahali kabla ya kuiweka mtandaoni.

Anza na albamu ambayo anayewajua waliomo bado yu hai. Kaa naye, mrekodi akitaja majina, uyaandike siku hiyohiyo.