Kuanzia Kiwiko Kushuka Chini

JUMATANO

Soma Wafilipi 2:25–30. Ni nini kilichomhuzunisha Epafrodito wakati wa ugonjwa wake? Paulo anataka Wafilipi wampokeeje?

Epafrodito alitumwa na kanisa la Filipi kumpelekea Paulo msaada kifungoni. Huko akaugua, nusura afe. Lakini angalia fungu la 26: huzuni inayotajwa pale haitokani na maumivu. Alihuzunika kwa sababu watu wa nyumbani walikuwa wamesikia kwamba anaumwa.

Wengi wetu tunamwelewa. Mtu mwenye kisukari au VVU humeza dawa zake kwa kujificha kazini, na siku ya kliniki huaga kwamba amefiwa. Mwalimu mwenye selimundu husimama vipindi vinne mfululizo huku mifupa ikimwuma, kwa kuogopa kuitwa mvivu. Kesho yake haamki, na kazi ile ile aliyotaka kuilinda inalala siku tatu.

Mnamo Desemba 1891, Ellen G. White aliwasili Australia, mjane wa miaka 64. Muda mfupi baadaye alishikwa na baridi yabisi iliyomtesa kwa takriban miezi 11. Usiku hakupata usingizi. Aliwaita ndugu wamwombee na kumpaka mafuta, kama Yakobo 5:14 inavyoelekeza, wala hakupona mara moja. Hata hivyo aligundua jambo moja: mkono wake wa kuume, kuanzia kiwiko kushuka chini, haukuwa na maumivu. Basi akaegemezwa kwa mito, akaandika. Mwaka huo wa 1892 alianza kuandika habari za maisha ya Kristo, kazi iliyozaa kitabu tunachokiita Tumaini la Vizazi Vyote, kilichotoka mwaka 1898. Marian Davis alimsaidia kukusanya na kupanga maandishi hayo.

Hakujilazimisha kutumia mabega yaliyouma. Alitumia sehemu iliyobaki nzima, na yaliyobaki akawaachia wengine. Mgonjwa wa muda mrefu anapojiuliza atawezaje kufanya kazi kama zamani, mara nyingi hukata tamaa. Afadhali aulize ni saa zipi za siku mwili wake una nguvu, na ni kazi ipi inafaa saa hizo. Fundi cherehani ambaye macho yake hufifia jioni anaweza kukata vitambaa na kutia uzi asubuhi, na kuacha kupiga pasi kuwe kazi ya jioni. Mwalimu anaweza kufundisha ameketi. Si lazima msimamizi aelezwe historia yote ya ugonjwa; mara nyingi inatosha ajue tarehe za kliniki mapema. Na dawa zisiachwe kwa sababu tumeombewa.

Soma Kutoka 17:11, 12. Mikono ya Musa ilipokuwa mizito, Haruni na Huri walifanya nini kwanza?

Hawakumwambia ajikaze. Walileta jiwe, akakalia. Kisha wakaitegemeza mikono yake, mmoja upande huu na mwingine upande huu, hata jua likachwa. Kanisani tunakosea kwa njia mbili: tunampa mgonjwa pole na kumnyang'anya kila jukumu, au tunamwongezea majukumu kwa kuwa hajui kukataa. Sijui ni lipi linaloumiza zaidi.

Lakini wapo pia ambao hata kuanzia kiwiko hakuna kilichobaki. Wameacha kazi, na watoto ndio wanaowalisha. Kwao turudi Wafilipi 2:25. Epafrodito alipokuwa mahututi hakuweza kumhudumia mtu yeyote. Hata hivyo, katika barua hiyo inayotaja ugonjwa wake, Paulo anamwita ndugu, mtenda kazi na askari mwenzake, kisha anaagiza watu kama huyo waheshimiwe. Jina la mtenda kazi hakupokonywa alipokuwa kitandani.

Je, ni jambo gani katika darasa lenu au mahali penu pa kazi linalomfanya mtu aone ni salama zaidi kuficha ugonjwa wake? Taja “jiwe” moja mnaloweza kumpelekea mtu mnayemfahamu kabla ya Sabato ijayo.