Ndege ya Vita Yenye Uzito wa Korosho Mbili

Miongoni mwa sanamu za ndege zinazotafutwa sana na wakusanyaji wa vitu vya kale ni zile za plastiki za kampuni ya Heller ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1957. Mnunuzi hupata vipande vilivyoshikana kwenye fremu, akavikata na kuviunga kwa gundi. Mojawapo ni ndege ya kutupia mabomu LeO 451 ya Vita Kuu ya Pili, iliyotengenezwa kwa skeli ya 1:72. Ndege yenyewe ilikuwa na mabawa yenye upana wa meta 22.5 toka ncha hadi ncha. Sanamu yake ina sentimeta 31 tu.

Msomaji wa Shangani, Mtwara, asidhani kwamba ndege za Kifaransa ni habari ya mbali. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wareno waliitwaa Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma, mwezi Aprili 1916. Mwaka 1917 walileta ndege tatu za Kifaransa aina ya Farman F.40 mpaka Mocímboa da Praia, kiasi cha kilometa 100 kusini ya mlango huo. Zilikuwa ndege za upelelezi zilizoweza pia kuchukua mabomu: mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyovikwa kitambaa, injini na rafadha zikiwa nyuma ya rubani. Rubani Jorge Gorgulho alikufa katika ajali ya mojawapo mwaka huohuo. Wala ndege hizo hazikuzuia kitu: Novemba 1917 jeshi la Lettow-Vorbeck liliuvuka Ruvuma huko Ngomano, wapagazi wakiwa na mizigo vichwani.

Sasa natuipunguze Farman kwa skeli ileile ya 1:72. Upana wa mabawa, meta 17.6, unakuwa sentimeta 24.4. Je, uzito wake? Ndege iliyopakiwa ilikuwa na kilogramu 1,120. Wanafunzi wengi hugawanya kwa 72 na kupata kilogramu 15 na nusu, uzito wa mtoto wa miaka mitatu au minne! Jibu hilo peke yake lingetosha kumshtua mwenye kulitoa. Urefu hugawanywa kwa 72. Eneo hugawanywa kwa 72 mara 72, yaani 5,184. Ujazo, na pamoja nao uzito, hugawanywa kwa 72 mara tatu, yaani 373,248. Farman yetu ndogo yapasa kuwa na gramu 3, sawa na korosho mbili zilizobanguliwa.

Hakuna sanamu ya plastiki iliyo nyepesi hivyo, na sababu yake yafaa ichunguzwe. Mabawa ya Farman yalikuwa na eneo la meta za mraba 52 hivi. Katika sanamu eneo hilo ni sentimeta za mraba 100. Kitambaa chenye unene wa nusu milimeta kingepaswa kupunguzwa kuwa chini ya sehemu moja ya mia ya milimeta, na plastiki haiwezi kumiminwa kwa wembamba huo. Mtengenezaji akifanya mabawa ya milimeta moja, ujazo wake ni sentimeta za ujazo 10. Plastiki hiyo, iitwayo polistirini, ina gramu 1.05 kwa kila sentimeta ya ujazo. Kwa hiyo mabawa peke yake yana gramu 10 na nusu, zaidi ya mara tatu ya uzito uliotakiwa kwa ndege nzima. Tena, ukikuza bawa hilo mara 72, utapata ubao wa unene wa sentimeta 7.2. Macho hudanganyika kwa urefu, lakini mizani haidanganyiki.

Kanuni hii hufanya kazi pia kwa kurudi upande wa pili, na hapo ndipo maisha ya watu yanapohusika. Tuseme fundi ana mashua madhubuti ya kuvukia baina ya Mtwara na Msanga Mkuu, naye anataka nyingine iliyo mara mbili kwa kila kipimo: urefu, upana, kina, hata unene wa mbao. Chombo kipya na shehena yake vitakuwa na uzito mara nane. Lakini sura ya mkato ya kila ubao imeongezeka mara nne tu, hivyo kila sentimeta ya mraba ya mti itabeba mkazo mara mbili. Mataruma yaliyotosha katika mashua ndogo yaweza kupasuka katika kubwa, ijapokuwa vipimo vyote “vimefuatwa”.

Kwa zoezi la darasani hapana haja ya kununua sanamu. Wanafunzi waunde Farman ya skeli ya 1:24 kwa fito za mwanzi, uzi na karatasi. Mabawa yatakuwa na upana wa sentimeta 73 na eneo la sentimeta za mraba 903. Uzito unaoruhusiwa ni gramu 1,120,000 kugawanya kwa 13,824, yaani gramu 81. Karatasi ya gramu 80 kwa meta ya mraba, ikivikwa upande mmoja tu, itachukua gramu 7; zinabaki 74 kwa fito, uzi na gundi. Kila kipande kipimwe kabla ya kuungwa, na mwanzi upasuliwe mwembamba.