Dondoo muhimu: Kabla hujanunua Pixel Watch

Saa janja hii ya duara, iliyotolewa na Google Oktoba 2022, inapendeza sana mkononi: milimita 41 tu, na kioo kilichobinuka kama tone la maji. Ila uzuri huo ndio udhaifu wake mkubwa. Kioo hakina ukingo wa chuma wa kukikinga. Kikigonga kona ya mlango chaweza kupasuka, na kukibadilisha ni kazi. Vaa kava tangu siku ya kwanza.

Angalia simu yako mapema, kwani saa hii inakubali Android tu. Mwenye iPhone asipoteze fedha.

Betri hukaa takriban saa 24. Ukitaka ikupimie usingizi, ichaji jioni unapooga na kula, na uzima mpangilio wa kioo kuwaka muda wote.

Ukingo mweusi kuzunguka picha ni mnene. Chagua sura ya saa yenye rangi nyeusi nyuma, hutauona.

Kuogelea hakuna neno. Ukitoka baharini, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Mikanda ya kawaida ya madukani haiingii bila adapta.