Dondoo muhimu: Kivuli cha taa cha kitenge au kanga

Huhitaji kusubiri duka la Morogoro mjini. Hapa Berega, kitambaa, waya na gundi nyeupe ya mbao vinatosha, ukiepuka makosa haya.

1. Fua kitambaa kwanza. Dondo likibaki, gundi haishiki vizuri.

2. Kabla ya kununua, kiinue mbele ya taa inayowaka. Kitenge cha rangi nzito huonekana cheusi usiku. Kanga nyepesi yenye mji mweupe hupitisha mwanga.

3. Kwa kivuli cha mviringo, zidisha kipenyo kwa 3.14, kisha ongeza sentimita 2 za kupishanisha. Kipenyo cha sentimita 30 kinataka kitambaa cha sentimita 96 hivi.

4. Acha sentimita 2 juu na 2 chini za kukunja.

5. Ukitumia kanga, pindo likae chini na jina lielekee mlangoni. Ukilikata katikati, wageni watasoma nusu ya methali, na nusu nyingine wataitunga wenyewe.

6. Paka waya rangi, ukauke kabisa. Kutu hutia madoa kitambaani.

7. Pakaza gundi nyembamba. Ikizidi, alama zake huonekana taa ikiwaka.

8. Tumia balbu ya LED tu, isiguse kitambaa, na juu pawe wazi ili joto litoke. Balbu za zamani za uzi huunguza.

9. Umeme ukikatika, usikihamishie kivuli hicho kwenye koroboi, chemli wala mshumaa. Kitawaka moto.